Kabla ya Kongo, askari ajifunze kuongea na mama pale kwenye kizuizi cha barabarani

Nikisema natengeneza mazoezi ya askari wanaoenda misheni za UN watu wanawaza shabaha na mabomu. Hayo washafundishwa vikosini, mimi nashughulika na zile dakika chache za kizuizini, bodaboda imesimamishwa, mama ana mtoto mgonjwa mgongoni na gunia la mkaa nyuma.

UN inataka kila nchi ifundishe askari wake kabla hawajapanda ndege, na mtaala inautoa. Shida ni jinsi unavyofundishwa, slaidi asubuhi mpaka jioni, watu wanasinzia wanasaini wanaondoka. Inaniuma sana.

Ndo maana tunajenga kijiji, vibanda vya mabati, soko, chifu, vijana wenye hasira. Waigizaji ndo roho ya zoezi, ukimvalisha koplo kanga aigize mama wa Ituri, mkoa wa mashariki mwa Kongo, wenzake watacheka na zoezi limeisha hapo hapo, tafuta Wakongo wenyewe. Wamarekani walifanya hivyo Fort Irwin, jangwa la Mojave kule California, kituo walichokuwa wanajifunzia vita vya vifaru dhidi ya Wasovieti, baada ya kuingia Iraq 2003 wakajenga vijiji vya Kiiraki na kuajiri watu wenye asili ya Iraq wawe meya, polisi, wauza duka. Ukimdharau meya leo, kesho hakuna wa kukwambia bomu limetegwa wapi. Zoezi lazima liwe na kumbukumbu namna hiyo.

Sasa sisi tunaoongea Kiswahili. Azimio 2098 la Baraza la Usalama la UN, mwaka 2013, lilipounda brigedi ya kupambana na waasi mashariki mwa Kongo, askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, Watanzania walikuwa na faida kubwa, Goma, mji wa huko, unaongea na mtu moja kwa moja. Lakini ukisikia kila neno unadhani umeelewa kila kitu, na sio kweli. Nenda Ituri, ingia kijiji cha Walendu na mkalimani Mhema, jamii ambazo zimeuana vibaya sana hasa 1999 mpaka 2003, utaitikiwa ndio afande, ndio afande, na ukweli huupati. Hiyo naipachika kwenye senario makusudi bila kumwambia kamanda.

Na pale kizuizini: vua miwani ya jua, mtutu uangalie chini, mtazame mama usimtazame mkalimani. Wengi wanageuza shingo, "muulize anatoka wapi," mama yupo mbele yake kabisa! Tunarudia mpaka shingo izoee.

Senario ninayoijali kuliko zote ni ya getini kwa kambi. Tangu 2003 UN imepiga marufuku kutoa hela au chakula kwa ajili ya ngono, na aliye chini ya miaka 18 haguswi hata sheria ya nchi iseme nini. Msichana, anaigizwa na mtu mzima, anakuja kuomba biskuti za resheni, kesho yake anarudi, na askari mmoja tumempanga aanze kumzoea. Sipimi yule mmoja, napima wenzake wa zamu, nani atamzuia na nani ataripoti. Tunaifanya usiku, afisa hayupo karibu, kwa sababu kule nako afisa hatakuwepo.