Uvumi kazini haufi kwa kunyamaziwa

Mameneja wengi huamini kwamba uvumi ukipuuzwa hufa wenyewe, au kwamba dawa ni kumsaka aliyeuanzisha. Si kweli. Uvumi huota pale jambo linapogusa riziki za watu na taarifa hakuna.

Chukua kiwanda cha kukamua alizeti pale Kizota, Dodoma. Mbegu zimekwisha ghalani, mashine moja imefunikwa turubai, mhasibu kaonekana na mafaili ya wafanyakazi. Kufika saa saba mchana, kwa mama ntilie, tayari "watu ishirini wanapunguzwa". Meneja akianza kukagua simu, kundi la WhatsApp linahamia kwingine na uvumi unapata nguvu: angehangaika hivyo kama ni uongo?

Azungumze siku hiyohiyo, ana kwa ana, na zamu zote, wasimamizi wakitangulia kujua. Aseme kinachojulikana, ambacho hakijaamuliwa, na siku atakayorudi na jibu. Arudi siku hiyo hata kama hana jipya. Asikanushe asilo na hakika nalo. Hapa ndipo wengi huharibu: kanusho la leo likigeuka barua za kupunguzwa mwezi ujao, hakuna atakayemwamini tena.

Na kama upunguzaji kweli unafikiriwa, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio hilo, aeleze sababu, na kushauriana kuhusu njia za kuuepuka, namna ya kuchagua watakaopunguzwa, muda wake na malipo ya kiinua mgongo.