Kromosomu zinapojipanga vibaya
Seli za kawaida za mwili wa binadamu zina kromosomu 46, yaani jozi 23 za nyuzi zinazobeba jeni, maagizo ya kurithi. Yai na mbegu ya kiume hutakiwa kubeba 23 tu kila moja, na kazi ya kupunguza hesabu hiyo hufanywa na meiosisi, aina ya mgawanyiko wa seli.

Kwanza kromosomu za jozi moja hukaa ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande. Kisha hujipanga katikati ya seli, nyuzi za protini zikazishika na kuzivuta kila moja upande wake. Nyuzi zikizishika zote mbili kutoka upande mmoja, huvutwa pamoja, na yai hutoka na kromosomu 24, au 22. Yai lenye kromosomu mbili za namba 21 likirutubishwa, mtoto hupata tatu. Hiyo ndiyo sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa mwili na akili, ambayo daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza chanzo chake mwaka 1959. Lakini mimba nyingi zenye kasoro za namna hii huharibika mapema, pengine hata kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito.

Makosa haya huongezeka kadiri umri wa mama unavyosonga, na kuna sababu yake. Mayai huanza meiosisi mwanamke akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha husimama katikati ya safari hadi yatakapopevuka, wakati mwingine miaka 40 baadaye. Muda wote huo kromosomu hushikamanishwa na kohesini, protini inayopungua mwaka hadi mwaka. Hakuna alichokula wala alichokosea mama. Na akina baba wasijitoe: katika sindromu ya Klinefelter, ambapo mvulana ana kromosomu za jinsia XXY badala ya XY, karibu nusu ya makosa hutoka kwao.

Kuna kosa jingine ambalo halitajwi sana. Jeni mbili zinazofanana zikipakana, kromosomu zinaweza kujipanga zikiwa zimepishana kidogo. Zinapobadilishana vipande, moja hupoteza jeni na nyingine hupata ya ziada. Hivyo ndivyo jeni za globini alfa, sehemu ya protini ya damu inayobeba oksijeni, hupungua kwenye kromosomu ya 16, chanzo kimojawapo cha thalasemia ya alfa, ugonjwa wa damu wa kurithi. Upofu wa rangi nyekundu na kijani nao mara nyingi hutokana na upishano kama huo kwenye kromosomu X. Mtu wa namna hii akipimwa idadi ya kromosomu, jibu litakuwa 46, kamili. Pengo lake huonekana kwa kupima jeni yenyewe.