Roosevelt hakuwagawia wafanyakazi haki zao

Kwenye semina za viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi ninazofundisha, tukigusa tu Mdororo Mkuu wa Uchumi wa Marekani wa miaka ya 1930, enzi za Rais Franklin Roosevelt, chai ya saa nne haijaletwa, mtu ananyoosha mkono: "Mwalimu, sisi tunachokosa ni Roosevelt wetu." Wenzake wanatikisa vichwa kukubali. Nimelisikia hilo mno, na linaniuma, maana anayeliamini hurudi tawini akakaa kusubiri.

Roosevelt aliapishwa Machi 1933, karibu robo ya nguvu kazi ikiwa haina ajira. Sheria ya viwanda ya Juni mwaka huo, kifungu cha 7(a), ilitamka kuwa wafanyakazi wanaweza kujiunga na vyama na kujadiliana na mwajiri. Waajiri wengi wakakimbilia kuunda vyama vyao vya mfukoni, wanavyovidhibiti wenyewe, mle mle viwandani. Mwaka 1934 ikaja migomo ya Toledo, Minneapolis na San Francisco, na watu wakauawa. Mei 1935 Mahakama ya Juu ikaibatilisha sheria yenyewe. Sheria iliyofuata ya haki ya vyama, ya Julai 1935, ilipiganiwa na Seneta Robert Wagner, ikaitwa kwa jina lake. Roosevelt aliiunga mkono hadharani Seneti ikiwa imeshaipitisha.

Hata hapo kampuni kubwa ziliipuuza, zikingoja nayo ibatilishwe. Ndipo Flint, Michigan, tarehe 30 Desemba 1936, wafanyakazi wa General Motors wakagoma wakiwa ndani ya kiwanda, wakakataa kutoka. Walilala juu ya viti vya magari ambayo hayajaundwa. Tarehe 11 Januari, katika baridi kali, joto likakatwa kwenye jengo mojawapo, polisi wakapiga mabomu ya machozi; waliomo wakajibu kwa maji ya mipira ya zimamoto na bawaba za milango ya magari. Gavana Frank Murphy alileta askari, lakini akakataa kuwatumia kuwatoa wagomaji, na kwa hilo serikali yake inastahili sifa. Siku ya 44, tarehe 11 Februari 1937, kampuni ikakitambua chama cha wafanyakazi. Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria ya Wagner mwezi Aprili. Februari wagomaji kwanza, Aprili mahakama baadaye: huwa naandika ubaoni na sifuti mpaka jioni.

Wengine husema pensheni ilikuwa sadaka ya serikali. Si kweli. Sheria ya Agosti 1935, aliyoisimamia Waziri wa Kazi Frances Perkins, ilileta makato kuanzia Januari 1937: asilimia 1 ya mshahara kwa mfanyakazi, asilimia 1 kwa mwajiri. Malipo ya kila mwezi yalianza Januari 1940.

Kwamba mageuzi haya ya Roosevelt yaliumaliza mdororo? Serikali ilipobana matumizi mwaka 1937, ukosefu wa ajira ulipanda upya.

Na kwamba yaliwalinda wote, hapana kabisa. Vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani waliachwa nje ya sheria ya Wagner na nje ya pensheni, na huko ndiko Wamarekani weusi wengi walikokuwa wakifanya kazi. Hawakutengwa kwa kifungu kinachopiga kelele. Walitengwa kwenye tafsiri ya maneno, yaani sehemu ya sheria inayoeleza kila neno lina maana gani, kurasa ambazo wengi huziruka. Kwa hiyo ukiletewa muswada wowote wa kazi, kabla hujafika kwenye mishahara na likizo, tafuta neno "mfanyakazi" limetafsiriwaje, kisha mtafute humo dada anayekulelea watoto nyumbani.