Maji ya Kijani Hayajaharibika: Acheni Kumwaga Bwawa

Nimeulizwa tena kwa nini bwawa la bustani lililojazwa majuzi limegeuka kijani, na kama kawaida aliyeuliza alikuwa amekwisha kulimwaga lote, akasugua kingo kwa brashi na sabuni ya unga, akafungulia bomba na kurudisha samaki siku hiyo hiyo. Samaki walikufa, na maji yakawa kijani kuliko mwanzo. Kinachowafikisha watu huko ni imani moja tu, kwamba maji safi ni yale yanayoonekana kama ya kwenye glasi.

Kuhusu ujenzi sitakawia. Chimba mahali panapopata kivuli kwa nusu ya siku na ambapo mkondo wa mvua haupiti, toa mawe na mizizi, tandika mchanga au magunia chakavu, kisha laza turubai nene la plastiki. Kwa kila upande jumlisha urefu wa shimo, kina mara mbili, na sentimita 30 za kukunja kila mwisho. Shimo la mita 2 kwa 1.5 lenye kina cha sentimita 60 linataka turubai la mita 3.8 kwa 3.3. Zege ni zuri kwa mwenye fedha ya nondo na ya fundi. Wenye watoto wadogo waweke wavu wa chuma juu ya maji kabla hata ya kufikiria maua.

Sasa tuzungumze kuhusu ukijani wenyewe. Ni mwani mdogo sana uliopata jua na chakula kwa pamoja. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa amonia, kemikali ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wanaoishi juu ya turubai, mawe na mizizi huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo mimea huitumia. Bakteria hao huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kujijenga, ilhali mwani hurudi kwa siku chache, hivyo anayesugua kingo anawafukuza wafanyakazi wake na kumwachia mwani uwanja. Maji mapya ya bomba nayo huja na klorini, ambayo huua bakteria waliosalia na kuunguza mashavu ya samaki. Mwenye bwawa akiona samaki wamekufa husema maji yalikuwa machafu, na kesho yake humwaga tena!

Linalonishangaza zaidi ni kwamba wafugaji wa perege hutia samadi kwenye gunia na kulitumbukiza bwawani makusudi ili maji yawe kijani, kwa kuwa mwani ni chakula cha samaki hao. Kile ambacho mfugaji wa Morogoro anakitafuta kwa samadi, mwenye nyumba wa Dar es Salaam ananilipa nikiondoe.

Hata hivyo, sikubaliani pia na wale wanaosema bwawa liachwe tu. Mwani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku huivuta kama samaki wanavyoivuta, na maji ya moto hushika kidogo: lita moja ya maji ya nyuzi 30 hushika takriban miligramu 7.5 za oksijeni, wakati ya nyuzi 20 hushika takriban 9. Ndiyo maana hatari huja alfajiri. Samaki wakihema juu ya maji saa kumi na moja, kisha wakachangamka saa nne, tatizo ni oksijeni na wala si uchafu. Zamisha mkono polepole. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mwani umezidi. Hapo punguza chakula na ubadilishe sehemu ya tano ya maji, ukitumia maji yaliyokaa wazi kwenye pipa kwa siku moja au mbili, na yale ya zamani uyamwagie mchicha.

Vitabu husema yungiyungi zikifunika nusu hadi theluthi mbili ya uso wa bwawa, maji husafika. Mara nyingi ni kweli, lakini nimeona mabwawa mawili yaliyolingana kwa kina, jua na mimea, moja liking'aa na jingine likibaki kijani miezi mingi, na sikuwa na maelezo ya haki ya kumpa mwenyewe. Pampu huongeza oksijeni, lakini mwani hupenya kwenye sifongo lake bila shida. Gugu maji nalo hufunika haraka, ila anayejua lilivyolifanya Ziwa Victoria hatalileta nyumbani. Wanaoogopa mbu waweke samaki wadogo aina ya gapi, kwa maana wanaokula viluwiluwi ni samaki, na usafi wa maji hauwazuii mbu kutaga.

Kumwaga bwawa lote kuna wakati wake. Zege jipya hutoa chokaa inayopandisha alkali ya maji, kwa hiyo lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kuweka samaki. Na sabuni au dawa ya wadudu ikiingia, hakuna njia nyingine. Katika hali hiyo ya pili samaki wahamishiwe haraka kwenye pipa la maji yasiyo na klorini, bwawa lisuuzwe kwa maji matupu, na chakula kipunguzwe kwa wiki zote ambazo bakteria watakuwa wanaanza upya.