Mzunguko wa maji kwenye tangi dogo la samaki: kasi ya filta na mahali pa hita

Mzunguko wa maji ni njia ambayo maji hupita ndani ya tangi: yanavutwa na filta, yanapenya kwenye sponji, yanatoka kwa nguvu fulani, yanazunguka kuta na kurudi yalikovutwa. Hita haina pampu. Inapasha maji yanayoigusa tu, na thamostati yake, yaani swichi inayoiwasha na kuizima kwa kufuata joto, hupima maji hayohayo. Kwa hiyo anayefunga hita kwenye kona ambayo maji yamesimama atakuwa na hita inayozima mapema kwa kudhani kazi imekwisha, huku kona ya pili ikiwa na baridi. Ndiyo sababu mkondo hupangwa kwanza, kisha hita ikatafutiwa mahali ndani ya mkondo huo.

Tuchukue tangi la kawaida la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Kwa hesabu ya nje ni lita 54, lakini ukitoa changarawe na nafasi ya juu isiyojazwa, maji halisi ni kama lita 45. Filta ya tangi la namna hii inatakiwa kupitisha maji yote mara nne hadi sita kwa saa, yaani lita 180 hadi 270. Namba iliyoandikwa kwenye boksi isikudanganye: ilipimwa pampu ikiwa haina sponji ndani na hailazimiki kupandisha maji. Sponji ikishaingia, na ikishaanza kushika uchafu, kasi hushuka sana.

Pima mwenyewe. Chukua jagi la lita moja, kinga maji yanayotoka kwenye filta na uhesabu sekunde. Likijaa kwa sekunde 15, unapata lita 240 kwa saa. Sekunde 20 ni lita 180. Sekunde 30 ni lita 120 tu, na hapo sponji inahitaji kusuuzwa. Kama filta yako inazama yote ndani ya maji, chomeka kipande cha mpira kwenye mdomo wake na ukishushe kwenye jagi lililo karibu na usawa wa maji, kwa maana ukiinua mpira juu unapunguza kasi unayotaka kuipima. Sponji isuuzwe kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Maji ya bomba yenye klorini huua bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti na kisha nitrati, na samaki wakianza kufa siku chache baada ya “usafi” mkubwa, mara nyingi chanzo ni hicho.

Mkondo ufike wapi, na uwe mkali kiasi gani? Hilo linaamuliwa na samaki. Betta ametokea kwenye maji ya kina kifupi na yaliyotulia, kama mashamba ya mpunga ya Thailand, na mapezi yake marefu humfanya asukumwe ovyo. Ukimwona anajificha nyuma ya jiwe siku nzima, au akitoka anarushwa upande mmoja, mkondo umemzidi. Gapi huvumilia wastani. Zebra danio hupenda kuogelea dhidi ya mkondo. Dalili nyingine ya mkondo kupita kiasi ni chakula kunyonywa na filta kabla samaki hawajakifikia. Dalili za mkondo hafifu ni utando unaong’aa juu ya maji, uchafu uliojikusanya kwenye kona ileile kila wiki, na samaki kupumulia juu asubuhi.

Kupunguza mkondo kuna njia nzuri na mbaya. Mbaya ni kuziba upande wa kuvuta: pampu inanyimwa maji, inapiga kelele, inapata joto na kuchakaa haraka. Kama filta ina koki upande wa kutolea, punguza hapo. Kama haina, elekeza mdomo wake kwenye kioo ili maji yagonge ukuta kwanza na kuvunjika nguvu, au funika mdomo kwa kipande cha sponji yenye matundu makubwa. Kwa filta inayoning’inia ukingoni na kumwaga maji kama maporomoko, kata chupa ya plastiki ya nusu lita kwa urefu, uivalishe chini ya maporomoko hayo, na maji yatasambaa pembeni badala ya kutumbukia. Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa ndiyo rahisi kuliko zote: kaza au legeza koki ndogo iliyo kwenye mpira wa hewa.

Hata ukipunguza, uso wa maji lazima uendelee kutikisika. Oksijeni huingilia hapo. Maji ya nyuzi joto 25 usawa wa bahari, tuseme Dar es Salaam au Mombasa, hushika takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Nairobi, karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, na maji ya joto lilelile hushika kama miligramu 6.8 tu. Tofauti hiyo ni kubwa kwa tangi lenye samaki wengi. Anayefuga nyanda za juu asiige mkondo mpole wa rafiki yake wa pwani bila kutazama samaki wake wanavyopumua.

Sasa hita. Mjini Dar es Salaam miezi mingi ya mwaka hita haihitajiki kabisa; kazi huko ni kuzuia maji yasipande kupita nyuzi 30. Nairobi, Arusha au Mbeya mwezi wa Julai, maji ya tangi lisilo na hita hushuka pamoja na chumba, na samaki wa kitropiki wanaotaka nyuzi 24 hadi 26 huanza kulegea na kupata madoa meupe. Kwa lita 45, hita ya wati 50 inatosha kwenye chumba cha kawaida. Kupandisha lita 45 kwa nyuzi moja, wati 50 huchukua kama saa moja, bila kuhesabu joto linalopotea. Wati 200 hufanya hivyo kwa dakika 16 hivi. Ndipo ilipo hatari ya hita kubwa: thamostati ikinasa ikiwa imewaka, ile ndogo inakuachia muda wa kugundua, ile kubwa inapika samaki kabla hujaamka.

Mahali pake ni pale maji yanapopita kila wakati. Kama filta iko kona ya kushoto nyuma na inatema kuelekea kulia, funga hita kwenye kioo cha nyuma, sentimita 10 hadi 15 mbele ya mdomo wa filta na chini kidogo ya mkondo. Kwa filta ya kuning’inia, iweke karibu na bomba la kuvutia, ili maji yaliyopashwa yavutwe na kumwagwa tangi zima. Kama hita ni ya kuzamishwa yote, ilaze au iinamishe. Ikisimama wima, joto hupanda kando ya bomba lake hadi kwenye thamostati iliyo juu, nayo huzima mapema. Iache sentimita tatu au nne juu ya changarawe. Hita iliyofukiwa haiwezi kutoa joto lake, na kioo chake hupasuka. Samaki wanaopenda kujibandika kwenye vitu, kama pleko, huungua. Wafungie hita yenye kizuizi cha plastiki.

Baada ya kuitumbukiza, subiri dakika 20 ndipo uchomeke plagi. Unapobadilisha maji, ichomoe dakika 15 kabla. Hita ikibaki imewaka nje ya maji, kisha ikamwagiwa maji baridi, kioo hupasuka na umeme wa volti 240 unakuwa ndani ya maji unayotia mkono. Waya wake uning’inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke sakafuni na yasiingie kwenye plagi.

Namba za kwenye hita ni makadirio. Weka 25, ngoja saa 24, kisha soma themometa iliyowekwa kona ya mbali kabisa na hita, karibu na chini, asubuhi kabla ya kuwasha taa. Rekebisha nyuzi moja kwa wakati. Kisha hamishia themometa karibu na hita usome tena. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi moja, mzunguko ni mzuri. Ikifika mbili, usiongeze moto: geuza mdomo wa filta kuelekea kona iliyo baridi, au ondoa jiwe na mimea inayoziba njia. Ukitaka kuona njia yenyewe, ponda chakula cha vipande kiwe unga, dondosha kidogo mbele ya mdomo wa filta, na ufuatilie unapokwenda na unapotulia. Unga ukikusanyika mahali pamoja ndani ya dakika moja, hapo maji yamesimama.

Umeme ukikatika, vitu vyote viwili husimama pamoja. Funika tangi kwa blanketi pande tatu, acha juu wazi, usilishe, na kila nusu saa chota maji kwa kikombe uyamwage tena kutoka juu kidogo. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, filta yenye boksi lililofungwa imwagwe maji yaliyolala ndani kabla ya kuwashwa, kwa sababu yamekosa oksijeni na yanaweza kuwa na sumu. Filta ya kuning’inia iangaliwe kama imevuta maji tena. Isipovuta, pampu inazunguka kavu na itaungua. Jaza boksi lake kwa kikombe, nayo itaanza.