Rangi nyeusi haiokoi chaji ya kila laptop

Ujumbe huu haukomi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wanaojifunza programu hapa Mbeya: weka kihariri chako cha msimbo (programu unayoandikia maagizo ya kompyuta) kwenye rangi nyeusi, chaji itadumu maradufu umeme ukikatika. Kwa laptop nyingi tulizonazo, si kweli.

Laptop hizo nyingi zina skrini ya aina ya LCD. Skrini ya LCD ina taa nyuma yake, na taa hiyo huwaka hata pale panapoonekana peusi. Kwenye OLED, aina nyingine ya skrini, kila nukta hujiwakia yenyewe, na iliyo nyeusi huzimika. Simu nyingi za bei ya juu ni OLED. Hapo ndipo watu huchanganya. Jaribu usiku: zima taa ya chumbani, fungua picha nyeusi tupu skrini nzima. Ukiona mwanga hafifu wa kijivu, hasa pembeni, hiyo ni LCD. Punguza mwangaza wa skrini, ndio unaokula chaji.

Rangi nyeusi ukiipenda, itumie, lakini ipange vizuri. Mistari ya maelezo (ile unayoandika ndani ya msimbo kumweleza msomaji) yenye kijivu kilichofifia hupotea kabisa ukikaa dirishani Mwanjelwa saa saba mchana. Uwiano wa mng'ao wa herufi na usuli, yaani rangi iliyo nyuma ya herufi, usishuke chini ya 4.5 kwa 1.

Ukitumiwa ujumbe ule, tafadhali usiusambaze. Mwombe aliyekutumia ajaribu kwanza ile picha nyeusi.