Mkojo wa Saa 24: Kipimo cha Kortisoli Kinachomtegemea Mgonjwa

Wagonjwa wengi huona haya wanapokabidhiwa dumu tupu na kuambiwa wakusanye mkojo wa siku nzima. Wengine huuliza kwa nini tusitoe damu tu, yaishe.

Tunachotafuta humo ni kortisoli, homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Asubuhi huwa juu, usiku wa manane hushuka sana, hivyo damu ya mara moja haitoshi kutuambia kama imezidi. Mkojo wa saa 24 hukusanya kupanda na kushuka kote huko.

Daktari huomba kipimo hiki anapoona uso umekuwa wa duara, tumbo linanenepa huku mikono na miguu ikikonda, michirizi mipana ya zambarau imejitokeza tumboni, na mgonjwa hawezi kuinuka kitini bila kujishikilia. Presha na sukari nazo huwa zimepanda. Daktari Mmarekani Harvey Cushing alieleza mgonjwa wa namna hii mwaka 1912, na ugonjwa ukabaki na jina lake. Mara nyingi kiini ni uvimbe mdogo kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ambayo ndiyo huziamuru tezi za juu ya figo zitengeneze kortisoli.

Tuseme unaanza Jumamosi saa moja asubuhi. Mkojo wa kwanza umwage chooni, uandike saa, maana huo ni wa usiku uliopita. Kuanzia hapo wote uingie kwenye dumu, mchana na usiku, mpaka ule wa Jumapili saa moja asubuhi. Ukienda haja kubwa, tanguliza ndogo kwenye dumu. Liweke kwenye friji au ndani ya ndoo yenye barafu. Ukisahau hata mara moja, tuambie tuanze upya. Usijazie maji! Tunapima pia kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, nayo hutusaidia kujua kama mkojo umekamilika. Kunywa maji kama kawaida yako, kwani kupitiliza lita tano kwa siku kunaweza kupandisha majibu. Figo zilizodhoofika huyashusha. Ndiyo maana tunarudia kipimo angalau mara mbili.

Ninaloomba kuliko yote ni kutuambia dawa unazotumia, hata zile usizopenda kuzitaja. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi kali, yaani dawa zinazofanya kazi kama kortisoli, na wapo wanaomeza vidonge vya steroidi viitwavyo deksamethasoni ili wanenepe. Mwili huonyesha dalili zilezile, lakini kwenye mkojo kortisoli mara nyingi huwa chini, kwa sababu tezi zimeacha kuitengeneza. Asiyetuambia atazungushwa kwenye vipimo vya gharama bila sababu.

Na ukigundua kuwa dawa ya namna hiyo ndiyo chanzo, usiiache ghafla. Tezi zilizolala huchukua wiki au miezi kuamka, na katikati hapo presha inaweza kushuka ukaanguka, hata ukapoteza maisha. Njoo na tyubu au pakiti yenyewe, tupange namna ya kupunguza dozi kidogo kidogo.